Kisu Kisichonolewa

Kentucky ina sheria ya moshi. Si moshi wa viwanda wala wa sigara, bali ule unaopanda kutoka mwilini mwa mgonjwa daktari anapomkata kwa umeme. Gavana Andy Beshear aliitia saini mwaka 2021, ikaanza kazi Januari 1, 2022, na tangu hapo hospitali na vituo vya upasuaji vya jimbo hilo vinatakiwa kuwa na mtambo wa kuufyonza moshi huo kabla haujawafikia waliomo chumbani. Rhode Island ilitangulia mwaka 2018, Colorado ikafuata 2019, Kentucky ikawa ya tatu. New York na Ohio nazo zimeshapitisha sheria za namna hiyo.

Kentucky, Ohio na New York zina miji ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zinaijua kwa simu za ndugu: Louisville, Columbus na Buffalo. Huko ndiko walikopelekwa Wakongo wa Kivu waliozeekea kambi ya Nyarugusu, Warundi wa kambi za Kigoma, Wabantu wa Somalia na Wasomali waliokulia Dadaab na Kakuma. Katika shule za umma za Louisville, Kiswahili kimo miongoni mwa lugha kubwa za wanafunzi baada ya Kiingereza na Kihispania. Columbus ina moja ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na wengi wao Kiswahili walikiokota Kenya. Buffalo kuna vituo vya afya vya Jericho Road, vilivyoanzishwa na Dk. Myron Glick mwaka 1997, ambavyo vina kituo ndugu mjini Goma.

Watoto wa watu hawa wanaugua koo kama watoto wengine. Wanakoroma usiku, wanalala midomo wazi, wanaambiwa wana nyama za pua. Siku inafika mzazi anaketi mbele ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo na kuelezwa kwamba tonsesi, yaani mafindofindo, za mwanawe zitaondolewa, na kwamba kisu kitakachotumika ni cha umeme. Umeme huohuo unaoua mtu akigusa waya uliokatika ndio uingizwe kooni mwa mtoto? Anayeuliza hivyo hapaswi kuchekwa. Wanasayansi wenyewe walihangaika na swali hilo kwa miongo kadhaa.

Umeme wa nyumbani huenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde huku kwetu, na 60 Marekani. Kwa mwendo huo mishipa ya fahamu na misuli huweza kuufuata. Mkono hukakamaa, moyo hupoteza mapigo. Mwaka 1891 huko Paris, Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba mizunguko ikizidi elfu kumi kwa sekunde misuli haiitikii tena. Umeme unapita, mtu hashtuki, kinachobaki ni joto. Mashine za leo za upasuaji huzungusha umeme mara laki tatu kwa sekunde na zaidi. Soketi ya ukutani ni ileile ya kuchajia simu. Kilichobadilika ni kisanduku kilichokaa kati ya soketi na mgonjwa.

Kabla ya hapo palikuwa na njia nyingine, ya waya uliopashwa moto kwa betri mpaka ukawa mwekundu. Albrecht Middeldorpf wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, aliiandikia kitabu mwaka 1854, na katika miaka ya 1860 Rudolph Voltolini wa mji huohuo akaipeleka kooni na puani. Haishangazi kwamba madaktari wa koo walikuwa mstari wa mbele. Pua na koo ni mashimo marefu yenye giza, yaliyojaa mishipa ya damu, na kufunga fundo la uzi mle ndani ni kazi ya kutoa jasho. Chombo kinachokata na kuziba damu kwa pamoja kilikuwa ndoto yao. Ila waya wa moto huunguza kwa kugusa tu. Umeme hauingii mwilini. Kisu cha umeme cha leo ni kitu kingine: mwili wa mgonjwa ni sehemu ya mzunguko.

Aliyekifanya kisu hicho kiaminiwe hakuwa daktari wa upasuaji. William Bovie alikuwa msomi wa fiziolojia ya mimea pale Harvard. Mashine yake ilimfikia Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston. Siku tatu kabla ya kuitumia, Cushing alikuwa ameuacha uvimbe wa kichwa cha mgonjwa mmoja kwa kushindwa na damu. Oktoba 1, 1926 akaurudia, safari hii Bovie akiwa kando na mashine yake, na uvimbe ukatoka. Baadaye mashine hizo zilitengenezwa na kampuni ya Liebel-Flarsheim ya Cincinnati, na inasimuliwa kwamba Bovie aliuza haki zake kwa dola moja. Anayeendesha gari kutoka Louisville kwenda Columbus kwa barabara kuu ya I-71 hupita Cincinnati katikati ya safari. Ndani ya vyumba vya upasuaji vya miji yote hiyo, daktari akinyoosha mkono kuomba kisu cha umeme, mpaka leo anaomba "Bovie".

Ncha ya kisu hicho haina makali. Umeme ukitiririka bila kukatika kwenye ncha nyembamba, maji yaliyomo ndani ya chembe za mwili huchemka ghafla, chembe zikapasuka, nyama ikaachana. Ukitolewa kwa vipande vipande, huku nguvu ya msukumo ikiwa juu, nyama hukauka na mishipa midogo ya damu huziba. Mguu au kidole cha daktari ndicho kinachochagua. Kisha umeme lazima urudi ulikotoka, na kwa hiyo mgonjwa hubandikwa pedi pana, mara nyingi pajani. Umeme uleule unaokata pale kwenye ncha haumuunguzi pajani kwa sababu pale umetawanyika, kama maji ya mpira wa bustani yanayochoma ukiubana mdomo na kumwagika taratibu ukiuachia. Pedi ikibandikwa vibaya, ikagusa sehemu ndogo tu ya ngozi, paja linaungua. Chuma kinachogusa ngozi nacho kinaweza kuukusanya umeme mahali padogo, ndiyo maana wauguzi huomba bangili, pete, hereni na hata hirizi yenye kipande cha chuma vivuliwe kabla ya nusu kaputi. Mzazi asidhani imani yake inadharauliwa. Hata pete ya ndoa ya mchungaji huvuliwa.

Karibu na ubongo, karibu na mshipa wa fahamu wa uso, au mgonjwa akiwa na kifaa cha umeme mwilini, madaktari hupenda koleo ya ncha mbili: umeme unatoka ncha moja na kurudi kwa nyingine, bila kusafiri mwilini. Jambo hilo lina maana ya pekee Buffalo. Ni huko Wilson Greatbatch alikotengenezea kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kinachowekwa ndani ya mwili, na William Chardack, daktari wa upasuaji katika hospitali ya maveterani ya mji huo, akaanza kuwawekea wagonjwa mwaka 1960. Kifaa kama hicho kinaweza kuudhania umeme wa kisu kuwa ni mapigo ya moyo na kusitisha kazi yake. Na kwa mtu aliyepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, umeme unaosafiri hadi kwenye pedi ya pajani hauruhusiwi kabisa kutumika eneo la kichwa na shingo. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa hivyo mwaka 2017. Kwa hiyo onyo hili si la Wamarekani peke yao: mtoto aliyesaidiwa kusikia Dar es Salaam akija kufanyiwa upasuaji wa tonsesi ng'ambo, kadi ya kifaa chake isafiri naye.

Buffalo ina kisa kingine ambacho siwezi kukipita. Septemba 6, 1901, Rais William McKinley alipigwa risasi katika maonyesho makubwa ya mji huo, maonyesho yaliyojaa taa zilizowashwa kwa umeme wa maporomoko ya Niagara. Alipasuliwa katika kituo kidogo cha afya cha maonyesho, chumba kisicho na taa ya maana, na mwanga wa jua lililokuwa linazama ukielekezwa tumboni mwake kwa kioo. Roswell Park, daktari aliyestahili kuitwa kwanza, alikuwa mji wa Niagara Falls akimpasua mgonjwa shingo. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa anahitajika Buffalo, alijibu hawezi kuondoka hata angekuwa rais wa Marekani anayemhitaji. McKinley alifariki Septemba 14. Umeme ulikuwa umejaa kila paa la uwanja ule, isipokuwa pale ulipohitajika.

Sasa turudi kwenye tonsesi, maana hapo ndipo hesabu ya kisu cha umeme inapokuwa ngumu.

Kwa njia ya zamani, daktari huyatenga mafindofindo na ukuta wa koo kwa mkasi na chuma butu, kisha hubana kwa pamba na kufunga mishipa kwa uzi. Damu inaonekana. Kwa umeme, koo hubaki karibu kavu, kazi inaisha haraka, na kila aliyemo chumbani anafurahi. Nani asipende? Lakini anayefurahi pale mezani siye atakayekesha siku ya saba. Joto huacha kidonda cha kuungua, kidonda hufunikwa na ganda jeupe, na ganda hilo huanza kubanduka kati ya siku ya tano na ya kumi. Likibanduka vibaya, damu inarudi: nyumbani, usiku, mtoto akiwa kitandani na thieta ikiwa mbali. Wakati mwingine naona kisu cha umeme hakiondoi gharama ya damu bali huiahirisha na kumkabidhi mzazi bili.

Waingereza walilijua hilo kwa njia ya uchungu. Miaka ya mwisho ya 1990 waliingiwa na hofu ya ugonjwa wa ubongo unaotokana na kichaa cha ng'ombe. Chembechembe zake hukaa kwenye tonsesi na haziuawi kwa uchemshaji wa kawaida wa vyombo. Januari 2001 serikali ikaagiza kwamba katika Uingereza vyombo vyote vya upasuaji wa mafindofindo vitumike mara moja na kutupwa. Agizo lilikuwa na nia njema. Vyombo vilivyoletwa, vikiwemo vya umeme, havikulingana na vile madaktari walivyovizoea, na taarifa za wagonjwa wanaovuja damu zikaongezeka. Desemba mwaka huohuo agizo likafutwa.

Hawakuishia hapo. Kati ya Julai 2003 na Septemba 2004 waliandika habari za wagonjwa karibu 34,000 wa England na Ireland ya Kaskazini, kila mmoja na njia aliyopasuliwa nayo. Walipojumlisha, waliotenganishwa tonsesi kwa joto na kuzibwa damu kwa joto walikuwa na hatari ya kuvuja damu takriban mara tatu ya waliofanyiwa kwa chuma baridi bila joto lolote. Wengi mno hawakuvuja kabisa, na hilo lisemwe. Ila mara tatu ni mara tatu. Baada ya hapo madaktari wa huko walitakiwa watumie joto kwa tahadhari, wajue nguvu waliyoweka kwenye mashine, na wanaojifunza waanze kwanza kwa chuma baridi.

Kwangu hicho kipengele cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko takwimu. Daktari aliyejifunza kwa umeme tu hajui la kufanya umeme ukikatika, na tunaotoka nchi za mgawo wa umeme tunaelewa. Marekani kisu cha umeme ndicho kilichotawala; Uingereza chuma baridi kilirudishiwa heshima yake. Madaktari wa pande zote mbili ni wasomi, wanasoma majarida yaleyale, na hawajakubaliana. Mzazi akiambiwa ipo njia moja tu, ajue hajaambiwa yote.

Kuna njia ya tatu, koblesheni, iliyoruhusiwa Marekani kwa upasuaji wa tonsesi mwaka 2001. Umeme hupitishwa kwenye maji ya chumvi na kuzalisha safu nyembamba ya chembe zenye chaji zinazovunja nyama kwa nyuzi joto 40 hadi 70, wakati kisu cha kawaida cha umeme hupita nyuzi 400. Watengenezaji wanasifu maumivu kidogo. Uzoefu wa Waingereza niliousimulia uliiweka koblesheni kundi moja na joto kwa upande wa damu, ingawa mikono imezoea zaidi tangu hapo na vifaa vimebadilika. Ncha yake ni ya kutumia mara moja na ina bei. Sioni sababu ya mzazi kuililia wala kuikataa. Cha kuuliza ni daktari huyu ameifanya mara ngapi.

Halafu kuna moto wenyewe. Kooni mwa mgonjwa aliyelala kuna oksijeni, kuna mrija wa plastiki unaoweza kuungua, na sasa kuna cheche. Vyote vitatu vikikutana, moto hulipuka ndani ya njia ya hewa. Ni nadra, lakini madaktari wa masikio, pua na koo huijua hatari hii kuliko wenzao wengi. Walipoulizwa 349 kati yao katika utafiti uliotoka mwaka 2011, robo walisema wamewahi kuona moto angalau mmoja katika kazi yao. Kinga yake ni ya kawaida na inategemea watu kuzungumza. Mtaalamu wa usingizi hushusha oksijeni chini ya asilimia 30 kabla cheche haijapigwa, daktari hutangaza anapoanza, na maji huwa tayari mezani. Timu isiyosemezana ndiyo inayowaka.

Moshi wa Kentucky nao una hadithi ya kooni. Ndani yake mna benzini, sianidi ya hidrojeni, fomaldehaidi na vumbi dogo ambalo barakoa ya kawaida ya upasuaji haichuji. Watafiti wa Japani mwaka 1981 walikadiria kwamba uwezo wa kudhuru chembe za urithi wa moshi wa gramu moja ya nyama iliyounguzwa kwa umeme unafikia ule wa sigara sita. Mwaka 1991 ikachapishwa habari ya daktari aliyeota vinyama vya virusi kwenye koromeo baada ya miaka ya kuunguza vinyama vya aina hiyo sehemu za siri za wagonjwa wake kwa miale ya leza. Daktari wa koo hukaa kichwani mwa mgonjwa, uso wake ukiwa juu kabisa ya mdomo uliofunguliwa. Moshi hauna pengine pa kwenda. Mgonjwa huuvuta siku moja ya maisha yake. Wauguzi huuvuta mpaka wanastaafu, na vyama vyao ndivyo vilivyopita bunge kwa bunge, jimbo kwa jimbo, mpaka sheria zikapatikana. Naziona sheria hizo kuwa ushindi wa watu ambao kisu kilikuwa kinawatoza bila kuwauliza.

Kwetu koo lilikatwa kabla ya soketi. Mtoto akikohoa bila kukoma, akitapika au akikataa kunyonya, jirani alishauri akakatwe kimeo, na fundi alikitoa kwa kisu kilichopinda, bila nusu kaputi. Madaktari wa Tanzania wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto wanaofikishwa kwao baada ya hapo wakiwa wameishiwa damu, vidonda vimeoza, au wamepata pepopunda. Daktari wa Louisville anaweza kumfungua mdomo mtu mzima kutoka kwetu akakuta kimeo hakipo na asielewe kwa nini. Asimshangae sana. Mwaka 1981 Shiro Fujita wa Detroit alieleza upasuaji wa kuondoa kimeo na sehemu ya kaakaa laini kwa watu wanaokoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, na katika miaka ya 1990 Wamarekani wengi walikatwa au kukaushwa vimeo kwa leza na mawimbi ya redio. Tofauti ni kipimo cha usingizi kilichotangulia, usafi, na mtu wa kuwajibika damu ikitoka. Si ndogo. Lakini mwenye historia hiyo aiseme wazi, kwa sababu kovu la zamani hubadilisha njia ambayo daktari ataifuata.

Lililobaki ni wiki mbili za nyumbani. Mtoto anywe maji hata akilia, maana koo kavu huuma zaidi. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa, isisubiri kilio. Kodini isitumike: mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2013 kwa watoto waliotolewa tonsesi, na mwaka 2017 ikaikataza kwa walio chini ya miaka 12. Baadhi ya watu miili yao huigeuza kodini kuwa mofini kwa kasi ya hatari, na mtoto akaacha kupumua. Watu wa namna hiyo ni wachache kwa Wazungu, lakini hufikia 28 kati ya 100 katika makundi mengine, wakiwemo Waethiopia na Waarabu. Chupa iliyobaki kabatini kutoka kwa ndugu wa Columbus isiguswe.

Mtoto akitema damu nyekundu, hata ikikoma yenyewe, arudishwe hospitalini usiku uleule. Damu ikimwagika, piga 911. Na maelekezo haya yote yatolewe kwa Kiswahili kabla ya kutoka hospitali. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 na ile ya afya ya mwaka 2010 zinailazimu hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kuleta mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu, na haitakiwi kumtumia dada wa mgonjwa mwenye miaka 11 kufanya kazi hiyo isipokuwa pakiwa na dharura ya uhai.